Bi Enzi Anaiacha Meza ya Chumvi

Katika jengo hili hakuna anayezijua enzi za kale kunishinda mimi. Mafarao nimewazika, wengine mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliwaweka rafu isiyo yao. Babeli nimeijenga kwa mikono hii. Roma ilipoungua mimi ndiye niliyetangulia kunusa moshi, na wangenisikiliza, leo ingekuwa bado inapangisha vyumba. Anayebisha aje rafu za nyuma aione ngazi yangu ya mbao na kitambaa changu cha vumbi, silaha mbili nilizotumia kuyatawala mataifa yote ya zamani na kuyapanga kwa herufi. Herufi zenyewe huwa zinanipiga chenga, hasa zile za katikati, lakini mtawala hapimwi kwa herufi.

Kamati ya jarida imeniomba niache kujisifu, nimsifu mwenye sifa. Walimfuata kwanza katibu muhtasi, akasema ana barua za watu. Wakamfuata mhasibu, akasema akiandika maneno zaidi ya mstari mmoja huumwa kichwa. Ndipo mlinzi akawakumbusha kwamba huku nyuma kuna kijana ambaye mdomo wake haujawahi kuomba likizo. Kijana huyo ndiye mimi, na huu ndio wasifu.

Bi Enzi, mkuu wa chumba cha kusomea cha maktaba yetu, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jina lake la kwenye hati ya mshahara analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Bi Enzi kwa sababu hawezi kumaliza maongezi bila kusema "enzi hizo". Mwambie feni imeharibika, atakuambia enzi hizo wakubwa wa Misri walipepewa kwa manyoya ya mbuni. Feni haitengenezwi, ila joto unalisahau kidogo.

Kazi aliianza akiwa mpiga chapa wa idara ya maji. Akaazimwa maktaba kwa wiki mbili kuja kuchapa kadi za vitabu, idara ya maji ikasahau kumdai, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mama huyu aliyewafuatilia watu wote wa mji huu warudishe vitabu vya kuazima ni yeye mwenyewe ambaye hajarudishwa mpaka leo.

Kutoka kwenye kadi alipanda akawa msajili wa vitabu vipya, kisha akakabidhiwa chumba cha kusomea. Wakati huo kilikuwa na mabenchi mawili na harufu ya rangi ya zamani. Leo kina meza ndefu, madirisha yanayofunguka, na paa lisilovuja. Paa lina historia yake. Mwaka lilipoanza kutoboka, Bi Enzi alibeba mabeseni yote ya nyumbani kwake akayapanga chini ya Babeli na Ashuru, na mumewe akaoga kwa kikombe msimu mzima wa mvua. Mumewe ni fundi redio, mtu wa subira. Huwaambia wateja wake, "Mimi hapa ni mume wa pili. Wa kwanza anaitwa Hamurabi, yule mfalme wa Babeli, na ndiye anayewahi chakula kikiwa cha moto."

Lakini sifa yake kubwa, ile inayofanya watu wavuke mji mzima kwenye jua kali kuja kukaa kwenye chumba chenye feni mbovu, ni Masomo ya Likizo.

Kila likizo ndefu ya msimu wa joto, shule zikifungwa na mji ukianza kusinzia, Bi Enzi huchagua taifa moja la kale. Likizo hii Misri, ijayo Wasumeri na vibao vyao vya udongo vilivyoandikwa, nyingine Waajemi. Vitabu huwekwa mezani viwili viwili, vimefungwa kwa mpira: riwaya moja ya kihistoria na kitabu kimoja cha historia kuhusu watu hao hao. Ukitaka riwaya, unaondoka na mwenzake. Hakuna kitabu kinachotoka peke yake. Niliwahi kumshauri kwamba watu wanakuja kutafuta mapenzi ya malkia, hawana haja na bei ya shayiri. Akanijibu, "Na malkia alikula nini, mwanangu? Hewa?"

Ukirudisha jozi yako, hurudishi kimya kimya. Unakaa kwenye meza ile ndefu, unawasimulia wenzako riwaya, halafu unaonyesha ni wapi mwandishi katia chumvi. Anayesikiliza naye akihisi chumvi, iwe ya mwandishi au ya msimuliaji, anainua mkono na kusema neno hilo moja, "Chumvi." Hapo kitabu cha historia kinafunguliwa, ukweli unatafutwa, na msimuliaji akionekana kaongeza yake, anafuta meza zote za chumba. Meza inabaki wazi mpaka Bi Enzi atamke mwenyewe kwamba imefungwa. Ndiyo maana wageni huiita meza ya kusomea, sisi tunaiita Meza ya Chumvi.

Mtu asidhani Bi Enzi anawadharau waandishi wa riwaya. Anawapenda kuliko anavyonipenda mimi. Anachosema ni hiki: "Sitaki uiteme chumvi. Nataka ujue umeila."

Likizo ya Misri ndiyo iliyomleta kinyozi wa jirani, ambaye hajaondoka tena. Alisoma kwamba wakubwa wa Misri walinyoa vichwa wakavaa nywele za bandia, akafunga kitabu kwa uchungu. "Taifa zima linanyoa," alisema, "na hakuna aliyeniambia." Ungedhani alikuwa na safari ya kwenda kufungua kibanda huko jioni hiyo hiyo.

Mimi niliingia likizo ya Roma, tena sikufuata Roma, nilifuata kivuli. Shule nami tulikuwa tumeachana kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili. Siku hiyo jua lilikuwa limenichoka, nikaona mlango uko wazi, kiti kikubwa kiko kitupu, nikakaa nikaweka miguu mezani. Mwenye kiti, Bi Enzi mwenyewe, akarudi kutoka kula. Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema kwa upole, "Karibu, Kaisari. Mikuki umeiacha mlangoni?" Sikujua Kaisari ni nani. Nilidhani kanitukana, na kwa kuwa sikutaka kuonekana sijui, nikajibu, "Kaisari mwenyewe." Alicheka mpaka akashika kabati. Jioni nilikuwa nabeba vitabu, na baada ya miezi kadhaa alipigana na ofisi ya utumishi mpaka nikaingizwa kwenye orodha ya mshahara nikiwa mpanga vitabu. Jina la Kaisari limebaki. Heshima yake bado tunaitafuta.

Wiki ile ile ya kwanza nilikaa mezani nikasimulia riwaya nzima kuhusu jina langu jipya. Nilieleza jinsi Kaisari alivyokufa kwa kuanguka kwenye farasi akiwa anakimbiza adui, nikaweka na maneno ya mwisho aliyomwambia farasi. Kinyozi akainua mkono. Kitabu cha historia kikafunguliwa, ikaonekana mtu huyo alichomwa visu na wabunge wenzake, wala farasi hakuwepo kikaoni. Bi Enzi alichukua riwaya yangu, akatazama picha ya mbele, ya mwanamume juu ya farasi, akanirudishia. "Jalada umelisoma vizuri sana, mwanangu. Sasa lifungue."

Nilifuta meza. Nimezifuta mara nyingi tangu hapo. Mlinzi husema mbao za chumba kile hazing'ai kwa rangi, zinang'aa kwa uongo wangu.

Naomba pia niandike hapa, kwa kuwa hili ni jarida rasmi, juu ya mafua ya Bi Enzi na jozi za Kaisari. Aliugua wiki moja, nikajipa cheo cha kuoanisha vitabu. Yeye huoanisha kwa kusoma vyote viwili. Mimi niliona huo ni upotevu wa muda, nikaoanisha kwa unene na rangi, chekundu na chekundu, kinene na kinene, na kusema kweli meza ilipendeza. Muuza nyama wa sokoni akaondoka na riwaya ya jemadari wa Kirumi pamoja na historia ya China ya kale. Alirudi amekasirika kama aliyeuziwa mfupa. "Huyu hakutia chumvi," alisema, "huyu kamwaga gunia. Ukuta haupo, hariri haipo, mfalme hajulikani, na mji wameuhamisha." Bi Enzi alikuwa amerudi siku hiyo, sauti bado ya mafua. Hakunigombeza. Aliweka ramani mezani, akamwambia muuza nyama aoneshe jemadari wake alipokuwa na huyo mfalme alipokuwa, wakapima umbali kwa kidole. Tangu siku hiyo muuza nyama ndiye mjuzi wetu wa ramani, na mimi ndiye mjuzi wetu wa rangi nyekundu.

Muuza nyama huyo huyo ndiye aliyesimulia askari wa Kirumi akipika nyama kwa nyanya, kwa maelezo matamu hata mlinzi akameza mate dirishani. Kinyozi, mkono juu: "Chumvi." Wakabishana, kitabu kikafunguliwa, ikaonekana nyanya zilikuwa bado ng'ambo ya bahari kuu, na zilichelewa sana kufika upande ule. Muuza nyama alinyong'onyea. "Sasa mchuzi ule ulikuwaje mwekundu?" Bi Enzi akamshika bega. "Ulikuwa mwekundu kichwani mwa mwandishi. Na wewe ulikuwa tayari umeshachukua sahani."

Hayo ndiyo mafanikio yake, wasomaji wapendwa, na hayapimwi kwa vyeti, ingawa vyeti anavyo na vimo kwenye fremu pale ngazini. Muuza nyama anabishana kuhusu Roma akikata mbavu. Kinyozi anawauliza wateja kama mwandishi aliyeandika magazetini leo katia chumvi. Mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume alipelekewa jozi yake hospitalini kila wiki, na Bi Enzi mwenyewe akakaa kitandani kwake kusikiliza. Na mimi niliyefuata kivuli naandika wasifu.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa nazunguka.

Kuna taifa moja Bi Enzi hakuwahi kulifanyia likizo: Kushi, ule ufalme wa kusini mwa Misri, ambao wafalme wake waliwahi kushuka na mto wakaitawala Misri yenyewe, na malkia wake waliitwa kandake. Aliuacha kwa kukosa vitabu, siyo kwa kukosa hamu. Kila mwaka aliomba, kila mwaka ukaja mzigo wa vitabu vingine. Mwaka huu sanduku lilifika, limejaa, mwezi mmoja tu kabla ya Masomo ya Likizo kuanza, wakati Wagiriki walikuwa tayari wamekwisha kutangazwa. Kwa hiyo Kushi ingengoja likizo ijayo, na likizo ijayo Bi Enzi angekuwa amestaafu.

Alichokipenda zaidi ni maandishi ya Wakushi. Wataalamu wanaweza kuzitamka herufi zao, lakini lugha yenyewe sehemu kubwa bado haijaeleweka na mtu yeyote duniani. Bi Enzi alikuwa akiishika picha ya jiwe lao lililoandikwa, akatabasamu. "Wanaongea nami kabisa, na sielewi neno. Kama vikao vya wakuu wa idara."

Akaomba mkataba wa kubaki mwaka mmoja. Hakuomba cheo wala nyongeza, aliomba likizo moja. Bila mkataba nyumba ya kazi hurudishwa, na yeye na fundi redio wangehamia kwa binti yao, mji mwingine, mbali na meza hii. Utaratibu wa mikataba ya namna hiyo kila mfanyakazi anaujua: hutolewa pale tu mkurugenzi anaporidhika kwamba hakuna mtu mwingine kazini anayeweza kuishika kazi hiyo. Mkurugenzi wetu, mtu mwema mwenye haraka zake, alisema atakuja siku ya mwisho ya masomo ajionee, kisha aamue. Chumba kizima tulijua jibu. Nani mwingine angeweza? Mimi?

Siku ilipofika, sauti ya Bi Enzi ilikuwa imekwisha kwa mafua mengine, imebaki kama karatasi inayochanwa. Alikaa mstari wa mbele na mtandio shingoni na kikombe cha maji ya moto, akaniashiria niiongoze meza. Nilipotaka kukataa, akaninong'oneza, "Kaisari, we ongea tu. Ni kitu pekee ambacho sijawahi kukufundisha."

Na niliongea. Sitajidai kuficha, siku ile niliweza. Muuza nyama alisimulia mji wa Wagiriki wenye masanamu meupe kama maziwa, kinyozi akainua mkono, kitabu kikafunguliwa, kumbe masanamu yale yalipakwa rangi za kila aina. Nikamwuliza muuza nyama kama angependa kuanza na meza ya dirishani. Watu wakacheka. Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama mtu mwenye safari, akasogea mbele. Akasogea tena. Mwisho akaomba aone riwaya ya wanariadha, akaisoma kidogo, akasoma na kitabu mwenzake cha historia, kisha mkurugenzi mzima akainua mkono: "Chumvi. Mwandishi kawavalisha wakimbiaji kaptula. Hapa wanasema hawakuvaa kitu." Sijawahi kusikia chumba cha kusomea kikicheka namna ile. Bi Enzi alicheka bila sauti, machozi yanamtoka, mkono kwenye koo.

Nilikuwa nimesimama pale nimevimba kama andazi. Mkurugenzi akasimama, akatengeneza koti, akaniuliza mbele ya wote, "Kijana, hii kazi mwakani unaiweza? Na hao wa Kushi?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mtu mwenye nusu ya akili angemtazama Bi Enzi kwanza. Mimi nilisema, "Mkurugenzi, hii naiweza nikiwa usingizini. Kushi nimeimaliza yote. Hata yale maandishi yao nayasoma."

Kila mtu kwenye chumba kile, isipokuwa mmoja, alijua kwamba maandishi yale hayasomwi na yeyote akaelewa, na kwamba mimi kusoma bili ya umeme tu hunichukua asubuhi nzima. Meza ilikuwa bado haijafungwa. Mkono mmoja ungetosha. Kinyozi alianza kuinua wake, niliuona umefika usawa wa bega. Bi Enzi, aliyekaa kando yake, akaushika taratibu akaushusha, akaendelea kuushika kwenye goti lake. Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alinitazama kama anavyotazama mtu anayetoka na jozi yake ya kwanza.

Mkurugenzi akasema, "Basi mtu yupo. Nimefurahi sana," akashuka ngazi.

Kesho yake nilimwuliza kwa nini hakusema. Sauti ilikuwa imeanza kurudi. "Ungetaka nikuvue nguo mbele ya bosi wako?" akasema. "Yeye amekuona mtu siku moja tu. Mimi ningeanza kumwambia wewe si mtu?" Nikamwambia likizo yake imekwenda. Akasema anajua ilikokwenda, akaniomba nimpandie ngazi nimshushie sanduku la Kushi.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Hili nalitaja lisije likadhaniwa sikwenda. Nilimwambia sijasoma kitabu hata kimoja cha Kushi, maandishi yale siyajui, na kidato cha tatu nilikiona kupitia dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Unyenyekevu. Ndicho nilichokuwa nataka kukiona kwako." Nikarudia, nikaapa. Akazidi kunipenda. Nimedanganya watu maisha yangu yote wakaniamini nusu nusu, na siku niliyosema kweli tupu nikapigwa begani na kuoneshwa mlango.

Wiki hizi za mwisho Bi Enzi ananifundisha kuoanisha. Tunakaa wawili, yeye anasoma riwaya, mimi nasoma historia kwa kidole chini ya mstari, tukimaliza tunabadilishana. Mwendo wangu ni wa kobe mwenye kiatu kinachobana. Anangoja. Akisikia nimeruka ukurasa anainua mkono hata bila kutazama, nami narudi nyuma. Nyumbani kwake fundi redio amekwisha kufunga redio kwenye maboksi, na juzi alipita hapa kuomba kamba, akanisalimia vizuri kabisa, akaniita mwanangu. Ningependa angeniita kitu kingine.

Bi Enzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa kaunta, wa ghala, wa ofisi na wa getini. Kwa niaba ya kinyozi na muuza nyama, ambao si wafanyakazi lakini hawataki kusikia hivyo. Asante kwa miaka yote, kwa mabeseni, kwa kutusikiliza tukikosea mpaka mwisho bila kutukatiza. Tunakuombea nyumba yenye upepo, magoti yasiyouma, wajukuu wanaouliza maswali, na muda mwingi wa kusoma bila mtu kukuuliza choo kiko wapi. Nenda salama, mama yetu. Uishi vizuri, uishi sana.

Na kwa kuwa ulinifundisha kwamba msimuliaji asiinuke mezani kabla ya kuonyesha penye chumvi, naonyesha. Mafarao, Babeli na moshi wa Roma ni chumvi, mnajua. Jozi nyekundu, farasi wa Kaisari na mengine niliyoharibu yalirekebishika kwa kitambaa na maji. Kimoja tu hakikurekebishika. Ulitaka likizo moja tu, ikawa mkononi mwako kabisa, nami nikakunyang'anya kwa sentensi ambayo hata sikuwa naihitaji. Watu hulaumu kwamba hakuna aliyeinua mkono. Kinyozi ulimzuia wewe, na wengine walikutazama wewe wakanyamaza kwa heshima yako. Mimi hakuna aliyenizuia kuinua wangu. Nilikuwa nimesimama, mikono yote miwili mitupu, na meza ilikuwa wazi.